Barua ya Staji

Mwaka wa mwisho chuoni nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Gashonga, barua ya chuo mkononi, kwenda kuomba staji, yaani mafunzo ya kazini, kwenye maabara inayopima magonjwa ya mihogo. Mkuu wa maabara hata hakuifungua.

"Umechelewa. Benzako balianza kuja hapa tangu mwaka wa kwanza."

Nilirudi kwa miguu, nikijilaani. Mjinga mimi, nilikuwa nangoja barua!

Kwa hiyo mdogo wangu alipoanza chuo sikumwacha apumue. Wiki ya kwanza tu nilimpeleka mwenyewe, shati limepigwa pasi. Mkuu ni yuleyule, kiti kilekile.

"Una haraka gani, mtoto? Rudi mwaka wa mwisho, na barua ya chuo."

Mdogo wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.