Sura ya Kobelo Darini

Mwanangu, ipo siku moja ya vuli ambayo hata leo sijaisahau. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutandika reli hadi Morogoro, na kwa reli hiyo alikuja Mgoa mmoja mpiga picha. Mimi, kijana niliyekaribia kuoa, nilimbebea sanduku lake kila palipokuwa na ngoma, naye alinilipa kwa kadi za picha za wachezaji.

Nilizipenda kadi zile kupita kiasi. Kila mchezaji nilimfuata na wino wangu: aliyepita chuo cha Kurani aliandika jina kwa herufi za Kiarabu, asiyejua kuandika alibandika dole gumba. Nilikuwa nao mabingwa waliotoka pwani, na nilikuwa na Kobelo, mpiga ngoma wa kijijini kwetu mlimani, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Kwa kuogopa mchwa, nikaziweka zote darini, juu ya meko, pale mama alipohifadhi mbegu za mahindi. Mabingwa niliwafunga kwa kitambaa safi. Kobelo nilimwacha wazi, maana nilimwona kila siku. Nilijua moshi hufukuza wadudu. Sikufikiri kwamba hula na sura.

Mvua zilipoanza Kobelo akashikwa na kifua. Siku mama aliposhusha mbegu za kupanda, kadi yake ikadondoka mbele ya majirani, uso mweusi tititi. Wakaaga, wakaenda zao. Lakini mdomo ni jumba la maneno: kabla ya adhuhuri ilikwisha kuenea kwamba namkausha Kobelo kwa moshi ili afe. Akifa, ningefukuzwa kijijini kwa jina la mchawi, na mchumba wangu ningemsikia kwa watu.

Nikakimbilia mtoni kuisafisha. Niliposugua, mwanangu, sura ikabanduka, ikabaki alama ya dole lake gumba tu. Nikakaa juu ya jiwe, masikio yote kijijini, nikingoja kilio kianze.

Mjomba ndiye aliyenikuta. Kwetu Waluguru mjomba akisema, baba husikiliza.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

Hakuitikia. "Hao wa pwani uliowafunika nguo," aliuliza, "ukiugua watakuja kukuuguza?"

Nikaitazama kadi mkononi.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka. Inuka, umpelekee Kobelo kadi yake."

Kobelo alikuwa kitandani, dada yake akimkanda kifua kwa maji moto. Nilipiga magoti nikampa kadi kwa mikono miwili. Aliitazama, akakohoa sana, nikadhani ndiyo roho inatoka.

"Uchawi huna," akasema mwisho. "Ungekuwa nao usingetetemeka hivyo. Lakini sura yangu ulipanda darini kuitunza. Mimi nalala hapa, hodi yako sijaisikia."

Maneno yale yaliniuma kuliko shutuma za kijiji kizima. Nikabaki. Nilichanja kuni, nikakoroga uji, nikamwinua alipotaka kukohoa. Sikufichi, mwanzoni nilimuuguza kwa kuiogopea ngozi yangu. Siku zilivyokwenda nikajikuta namwogopea yeye, na hofu hiyo ya pili ilikuwa nzito zaidi.

Masika yalipoingia Kobelo alifariki. Watu wakakusanyika, macho yote kwangu, nami nimesimama ukingoni mwa ua. Dada yake akaniita nikae kwenye mkeka wa wafiwa.

"Huyu ndiye aliyemnywesha ndugu yangu maji ya mwisho," akawaambia. "Mwenye neno aanze na mimi."

Wakaketi, mmoja baada ya mwingine. Baadaye aliniomba ile kadi isiyo na uso, nikampa. Alisema dole linamtosha.

Basi, mwanangu, nakuona nawe na picha za wachezaji wako wa mpira, na sahihi zao unazilinda kama mboni ya jicho. Sikukatazi, ujana una raha zake. Ila usimtunze mtu kwenye kadi ukamsahau mlangoni. Aliye karibu usimwache wazi kwenye moshi kwa kuwa unamwona kila siku. Ukisikia jirani anakohoa, piga hodi siku hiyo hiyo, usingoje woga ukusukume kama ulivyonisukuma mimi.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kumnywesha mwenzio maji, na siku yako ikifika, asikunyime wa kukunywesha.