Kiatu cha Kushoto cha Jacktone

Jacktone Odera alifanya kazi zahanatini, lakini ukimwonyesha kidonda anaangalia pembeni. Cheo chake kilikuwa meneja wa mradi wa kuboresha huduma, pale zahanati ya Kisima Kavu, Likoni, ule upande wa kuteremkia Shelly Beach. Sindano hakudunga, dawa hakugawa, mtoto hakupima. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanaofanya hayo wanayafanya leo vizuri kuliko jana, kisha achore mchoro wa kuthibitisha. Kuchora alichora. Ukuta wa ofisi yake ulijaa mistari inayopanda na mistari inayoshuka, hata Sista Velma, muuguzi mkuu, akawa anaingia mle ameinamisha kichwa asije akapata kizunguzungu.

Lakini kwao Siaya, Jacktone alikuwa Daktari. Babake alishatangaza kanisani. Kila Krismasi alikuta wazee wamejaa uani, huyu na ngiri, yule na jino, na bibi mmoja mwenye uvimbe wa shingo aliyeapa hatapasuliwa na mtu mwingine ila kijana wa Odera. Kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: "Bibi, vifaa nimeviacha Mombasa."

Kwa hiyo mkataba wake ulipokaribia kwisha, Jacktone hakuogopa njaa. Alimwogopa yule bibi. Mtu aliyefutwa kazi hurudi nyumbani na vifaa vyake vyote.

Wafadhili walisema mkataba utaongezwa kwa sharti moja. Mkaguzi, Bi Dorothy, angetoka Nairobi aje ajionee kama wagonjwa wa Kisima Kavu bado wanaota mizizi kwenye benchi. Akikuta foleni, kwaheri.

Siku ya ukaguzi Jacktone aliamka na jogoo. Akavaa viatu vyake vyeusi, alivyovipiga rangi hata ungeweza kujitazamia meno, akafika zahanatini jua halijatoka. Jambo hilo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Yeye alikuwa mtu wa kuingia baada ya chai.

Alichokikuta barazani kilimtia kijasho. Kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji palikuwa na mstari wa takataka: kubadhi kuukuu la ngozi, ndara ya buluu, jiwe, ndara nyekundu, kifuu cha nazi, ndara nyingine iliyoshonwa kwa waya. Na viatu vyote vilikuwa vya kushoto.

Mtu wa Kisima Kavu hapa ameshashika mbavu; wengine niwaeleze. Kule hatupangi foleni kwa miili. Ukitoka swala ya alfajiri, au ukienda kuchota maji, unapita zahanati, unaacha ndara ya kushoto, unarudi zako kupika mahamri. Ya kulia unabaki nayo mguuni, maana hajazaliwa mwizi wa ndara moja. Asiyetaka kuchechemea anaweka jiwe. Ukirudi jua limepanda, unasimama pale ilipo ndara yako na hakuna wa kukuuliza.

Jacktone alimwita bawabu. "Changawa! Kwani hapa ni jalala? Hatua ya kwanza ya ubora niliwafundisha ni ipi?"

"Chambua, bosi. Kisichotakikana kitupwe."

"Na hivi ni nini?"

"Hivi ni watu, bosi."

Jacktone alirudi nyuma. Kabla hajaletwa Pwani alikuwa ameonywa mambo mengi, na hili lilikuwemo. "Watu... Wamekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Ile ya waya ni muuza samaki, ana mimba. Lile jiwe ni fundi wa baiskeli, ana kikohozi."

"Na kifuu?"

Changawa alikikagua. "Huyo simjui. Mgeni huyo."

Jacktone alikemea mapepo kwa Kiluo, akavaa glavu, akaleta toroli. Akawazoa wote, fundi na kikohozi chake, akaenda kuwamwaga shimo la taka nyuma ya choo. Aliporudi, baraza ilikuwa nyeupe kama sahani.

Jua likapanda, watu wakarudi. Wakakuta sakafu.

"Nani amenitoa?" akauliza muuza samaki, mkono kiunoni.

"Mimi nilikuwa nyuma ya kifuu!"

"Kifuu ni mimi, na wewe sikukuona!"

"Utanionaje, na wewe ulikuwa umelala kifudifudi?"

Zogo likapanda hata watoto wachanga wakanyamaza wasikilize. Changawa akanyoosha kidole kuelekea chooni, na kundi zima likaenda mbio, wengi na ndara moja ya kulia, likafukua lile shimo kama kuku. Kila aliyejipata alishangilia. Aliyebaki ni Mzee Mwinyihaji, ambaye huwa wa kwanza kila mwezi akija kuchukua vidonge vya presha. Kubadhi lake lilionekana kwa mbali, mdomoni mwa mbwa, likielekea baharini.

"Shikamoo, mzee," Jacktone akaanza, sauti imepungua.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikutukani. Kubadhi lile n'lioa nalo, lakini limekwenda, Mungu alilaze pema. Nataka pahala pangu tu."

"Utakuwa wa kwanza, mzee, nakuahidi."

"Ahadi haikai barazani. Vua."

"Nivue nini?"

"Cha kushoto, wallahi, na usinicheleweshe chai."

Jacktone akavua. Mwinyihaji akakibeba kile kiatu cheusi, akakiweka mlangoni kwa heshima, kisha akaenda zake kunywa chai. Wengine walikuwa bado shimoni, wanagombania jiwe. Ndipo gari likasimama, akashuka Bi Dorothy.

Akatazama benchi: tupu. Akatazama baraza: inang'aa. Akatazama meneja: kiatu kimoja, soksi moja, na kile kiatu kingine mlangoni.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Hapa hakuna anayesubiri," Jacktone akasema, na kwa kweli hapakuwa na mtu.

"Na kiatu?"

Jacktone akamwona yule bibi wa shingo akitabasamu kule Siaya. "Ni utaratibu wetu, madam. Mguu mmoja wa nje, mmoja wa ndani. Viini vinachanganyikiwa."

Bi Dorothy alikuwa amekagua zahanati nyingi, lakini hili hakuwa amelisikia, na mkaguzi hapendi ijulikane kuna jambo hakulisikia. Akavua chake cha kushoto, chenye kisigino kirefu, akakiweka nyuma ya kile cheusi, akaingia akipanda na kushuka kama mashua.

Mara wagonjwa wakatokea upande wa chooni, wa jiwe na wa kifuu wakiwa bado shimoni. Wote mguu mmoja! Kimya kimya, kila mmoja akaweka ndara yake ya kushoto nyuma ya kisigino.

"Jamii nzima imeelewa," Bi Dorothy akanong'ona, macho yamelowa.

Sista Velma akachungulia mlangoni. "Kiatu cha kwanza?"

"Yuko chai," wakajibu wote.

"Cha pili?"

"Huyu hapa!" Muuza samaki akamsukuma Bi Dorothy ndani. "Nenda, mwanangu, usituzibie njia."

Alipimwa presha, akaambiwa apunguze chumvi, akatoka na dawa ya minyoo. Maisha yake yote hakuwahi kuhudumiwa haraka hivyo.

Mkataba ukaongezwa, kwa sharti jipya: Jacktone azunguke zahanati zote za Mombasa, Changamwe mpaka Kisauni, akafundishe mguu mmoja. Kule Siaya, babake akatangaza tena kanisani: Daktari amepandishwa cheo, vifaa bado viko Mombasa.

Alifundisha mwezi mzima, kisha mguu wa soksi ukakanyaga msumari. Akarudi Kisima Kavu asubuhi, anachechemea kikweli sasa. Mlangoni, mbele ya ndara zote, kiatu chake cheusi, kile alichovuliwa, kilikuwa kinang'aa. Jacktone akashusha pumzi, akasimama hapo.

"We bwana," Mzee Mwinyihaji akamwita kutoka kibanda cha chai, "hicho ni mimi. Kaa nyuma ya kiatu chako."