Nilipiga Kura kwa Dole, Mama Mkwe Akanyang'anywa Ngoma

Nimekosa, tena kwa makusudi, kwa hiyo msinihurumie. Nilitaka kuwasingizia wazee wa kijiji, na aliyelipa ni mama mkwe wangu.

Huku kwetu pwani watu wote hukipigia chama kimoja. Babu alikipigia, baba akakipigia, mbuzi angekuwa na kadi naye angekipigia! Matokeo yakibandikwa mlangoni mwa shule, chama cha pili huwa sifuri. Zinabaki kura zilizoharibika tu, na hizo kila uchaguzi ni tele. Watu hucheka: "Bibi zetu hao, macho hayaoni!"

Mimi nilikuwa na hasira, jamani! Tuna bomba la maji pale sokoni. Kila uchaguzi ukikaribia linapakwa rangi. Mara kijani, mara buluu. Maji halijatoa hata ya kunawia uso! Mimi nina mtoto mgongoni na ndoo kichwani, natoka kisimani shingo inakatika, nalipita linang'aa kama bi harusi. Nikasema safari hii sikipigii!

Ila nilimwogopa sekretario, katibu wetu wa mtaa na mtu wa chama. Mzee yule anajua hata nani kakohoa. Basi nikajifanya mjanja. Aliyesoma huweka alama kwa kalamu, asiyesoma huchovya dole gumba kwenye wino. Nikawaza: nikitumia dole, watasema bibi fulani kakosea. Nani atamshuku mtu wa sekondari?

Mnaiona roho yangu?

Asubuhi ya kura nilimsugulia mama mkwe msiro wake, ule mti tunaousugua kwenye jiwe kwa maji tukajipaka usoni. Hatoki bila msiro, yule. Ndiye kiongozi wa tufo, ngoma yetu ya akina mama. Mgeni wa serikali akija, yeye yuko mbele anaimba sifa za chama, mabega yanacheza kama hayana mifupa.

Kituoni vijana wasimamizi wakawaamuru wanawake wanawe nyuso, eti wafanane na picha za kwenye kadi. Wote wakanawa. Mama mkwe akatoa kadi yake: "Tazama, mwanangu! Hata kwenye picha ninao. Nikinawa ndiyo hutanijua!" Wakamwacha apite na uso wake mweupe. Mimi sikuwa nimejipaka, kwa hiyo sikunawa hata kidole.

Nikachovya dole, nikabonyeza chama cha pili, nikatoka natembea kama mwizi wa kuku.

Matokeo yakabandikwa. Chama cha pili: kura moja. Moja! Watu walikuja kuitazama kama papa aliyekwama ufukoni. Sekretario, aliyekuwa ndani wakati wa kuhesabu, akapaza sauti: "Karatasi hiyo nimeiona kwa macho yangu. Ni ya dole. Na pembeni mwa dole kuna msiro!"

Watu wakageuka. Wamtazame nani? Mwenye uso mweupe!

"Wallahi si mimi!" akasema mama mkwe. "Nimewaimbia mpaka meno yameng'oka!"

"Basi dole lako limeimba wimbo mwingine," akajibu sekretario.

Nami? Nilimpa mtoto ziwa nikanyamaza. Nilinyamaza!

Wakamvua uongozi wa ngoma. Kikundi kikaenda mjini kumchezea administrador, mkuu wa wilaya, bila yeye, na kapulana yake mpya, kitenge cha ngoma, alikwisha kuipinda. Akaacha msiro. Akaacha hata kumwimbia mwanangu, mtoto akawa halali, analia tu. Kila akilia nilisikia jina langu.

Nikashindwa. Nikamfuata alipokuwa akikuna nazi. "Mama, ile kura ni yangu."

Hakuinua kichwa. "Na dole je? Ulitaka nani aonekane mjinga?"

"Ninyi wazee, mama."

Akaanza kucheka, akacheka hadi kifuu kikamponyoka! "Mjinga ni wewe! Unadhani hatuoni? Tangu bomba lile lilipopakwa rangi ya kwanza, mimi na wenzangu wa tufo tunabonyeza kote kote, juu na chini. Ndizo hizo zinazoitwa zimeharibika! Nani atamtafuta bibi kipofu? Wewe na sekondari yako ukabonyeza mahali pa kuhesabika! Nenda kaseme."

Nikaenda kwa sekretario. Nikakiri yote. Akanitazama, akacheka naye. "Wewe, msomi, upige kura kwa dole? Unamkinga mkwe wako tu. Ama kweli wewe mke mwema!" Nikaapa, asiamini. Ujanja wangu ulikuwa mzuri mno! Kisha, kwa wema wangu, akanipa zawadi: nafasi ya mama mkwe, mbele kabisa kwenye tufo.

Mimi! Nisiyejua hata kutikisa bega!

Mgeni anakuja Ijumaa baada ya sala. Nitaimba sifa za bomba, nikiwa mbele ya bomba, nalo wamelipaka nyekundu. Mama mkwe ananifundisha huku akinizomea: "Bega, mke mwema! Bega!" Amerudia msiro wake, mwanangu yuko mapajani mwake, analala sasa. Ameniambia Ijumaa atakaa mkekani mbele, asikose kitu.

Dada zangu mliosoma, ukiwa na hasira, piga kura yako kwa kalamu yako. Usimkopeshe bibi wa watu dhambi yako. Na ukiona lazima utumie dole, ewe mjinga mwenzangu, nawa kwanza!