Senene wa Baba Mkubwa

Tangu baba afariki, mwenye kauli ya mwisho nyumbani kwetu Kaisho alikuwa baba mkubwa, na miaka ile ya hamsini kauli yake ilikuwa moja: turudi kwa mababu. Aliihubiri akiwa ndani ya koti la kaki, miwani ya duka la Mhindi usoni, baiskeli ameiegemeza kwenye mgomba. Kila balaa, alisema, lililetwa na kalamu. Wazungu wakiondoka kila mtu atarudi mahali pake, mabwana juu, wanawake jikoni. Bibi alinidokeza kwamba katika enzi hizo tukufu ukoo wetu ndio uliokuwa ukiwachotea mabwana maji. Hilo baba mkubwa hakulikumbuka.

Msimu wa senene, panzi wanaoliwa kwetu, aliwaita wazee waje waamue wasichana watolewe shule ya misheni. Ili kuonyesha mfano, angeanza na mimi. Nilikuwa darasa la nne, na shule niliipenda kuliko kula. Na nani awakaangie wazee hao senene? Mimi.

Kwa mila yetu mwanamke huwakamata senene, huwanyonyoa mabawa, huwakaanga, kisha humpelekea mwanamume. Yeye kuwala ni mwiko, na chungu alimokula mwanamke, mwanamume wa heshima hakigusi.

Nilikuwa na hasira. Kila nilipokoroga, nilichota konzi nikatafuna. Walikuwa watamu, Mungu anisamehe. Waliobaki nikawapelekea wazee, wakala wakishushia rubisi, pombe ya ndizi.

"Hawa ndio senene wenyewe," mmoja akasema. "Mkono wa binti aliyelelewa kwa mila."

Baba mkubwa akaja jikoni kuongeza, akanikuta mdomo umejaa.

"Umekula?" akanong'ona.

"Tangu mwanzo, baba mkubwa. Nilikuwa naonja chumvi."

Akatazama mlango. Nje walikaa wazee sita walinzi wa mila, wameshiba kutoka chungu kimoja na msichana, tena nyumbani kwake.

"Nyamaza. Wasisikie."

"Nitanyamaza. Ila nikishinda hapa nyumbani, neno linaweza kuniponyoka. Shuleni ni mbali."

Akajaza bakuli, akatoka. Nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba jambo la shule ni zito, lisiamuliwe leo, mababu hawakuwa watu wa pupa.

Halafu akakaa, akala nao. Jumatatu nilikuwa darasani.