Ushanga Ndani ya Mrija

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mjomba wangu, fundi bomba, hufungua koki, hukinga kiganja, halafu hutangaza: "Leo maji yamenuna." Siku nyingine husema yamechangamka. Mkaza mjomba humjibu kutoka jikoni, "Yasalimie."

Nyumba yao na yetu zimepakana, na bomba linalotuletea maji ni moja, linagawanyika uani. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mama alidai wifi yake anamnyonya maji. Wifi naye akadai hivyo hivyo. Wakaacha kusalimiana. Mjomba, katikati ya dada na mke, akakonda. Vipimo vya maji vya dukani ni ghali, hivyo akaamua kutengeneza vyake.

Alichonga kigingi cha mbao chenye ncha, akapasha moto mirija miwili ya plastiki angavu, akaipanua kwa kigingi hicho ili juu iwe mipana kuliko chini. Ndani ya kila mrija akatia ushanga. Maji yakipanda huubeba. Yakiwa mengi, huinuka zaidi. Mistari ya kusomea aliikwaruza kwa msumari.

Siku ya kuvifunga, sote tulitoka uani. Koki zikafunguliwa. Ushanga wa upande wetu ukaruka karibu na kilele. Wa kwao ukajikokota mpaka katikati.

"Haya! Mwizi kajulikana!" mkaza mjomba akapiga makofi.

Mama akageuka aondoke.

"Subiri, dada," mjomba alimsihi. Akafungua mirija, akaibadilisha pande. Safari hii ulioruka ukawa wa kwao.

Mkaza mjomba akainama kutazama. "Hizi si shanga za mkufu wangu uliokatika?"

"Nilidhani umeshautupa."

Akazitoa, akazigonga kwenye meno moja moja. "Huu kioo. Huu… plastiki! Ndiyo maana mwepesi! Wewe mwanamume, si uliniapia mkufu wote ni kioo?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. "Wifi yangu, huyu ndivyo alivyo tangu utotoni! Njoo nikusimulie."

Wakaingia jikoni wameshikana mikono, wakimsema kwa sauti, makusudi asikie.

Mjomba akatafuta ushanga mwingine wa kioo, akautia badala ya ule wa plastiki, akafungua maji. Shanga zote mbili zikasimama kwenye mstari mmoja. Hakuna aliyebaki kuangalia, ila mimi.

"Mjomba, ulijua ule mkufu una plastiki?"

"Nilijua," alisema, akikaza nati. "Wa kioo kitupu ulikuwa ghali."