Kicheko Kwenye Foleni ya Majeruhi

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, jua kali baada ya manyunyu, nilikuwa kwenye foleni ya majeruhi katika hospitali moja upande wa Msambweni. Mbele yangu aliketi mama kutoka Kibuyuni na bintiye wa miaka kama kumi, mguu umefungwa leso nyekundu. Binti alikuwa akicheka, akichezesha vidole mbele ya macho yake.

Kila aliyeingia na mtoto anayelia alipishwa, kwa desturi yetu njema. Walipita watatu. Mama akainuka.

"Jamani, nami nipisheni. Mwanangu amekatwa na bati."

"Shoga, huyo si anacheka! Wangu akijikwaa tu, hadi Shimoni wanasikia," alijibu mwanamke mmoja, na benchi zima likaangua kicheko.

"Ana usonji, dada. Akicheka hivi ndipo anapoumia. Kilio chake ndicho hiki."

Kicheko cha binti kikazidi. Hapo nikaona tone la damu likidondoka kutoka kwenye leso, kisha jingine. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mama alikuwa amekwisha kugonga mlango.

Muuguzi aliifungua leso, akamwita mwenzake upesi.

Huruma yetu, wasomaji, husikia vizuri sana. Kuona ndiko kunakoisumbua.

Mama aliomba jambo moja tu: binti atajiwe kila mshono kabla ya sindano. Muuguzi akakubali. Sote nje tuliisikia sauti yake ikihesabu, bila haraka, hadi kumi na nne.