Alama Nyekundu kwenye Kibaraza cha Mama

Jina alilopewa na wazazi wake liliishia shuleni. Tangu siku alipoonekana juu ya nguzo ya taa, mkanda kiunoni na bisibisi mdomoni, mtaa mzima ulianza kumwita Mama Nguzo, ingawa wakati huo hakuwa na mtoto hata wa kuazima. Wengine walilitamka kwa sifa, wengine kwa kejeli, naye aliitikia wote sawasawa kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na muda wa kununa haukuwepo.

Alianza manispaa kama fundi wa kubadilisha balbu zilizoungua. Akapanda polepole, nguzo kwa nguzo, mpaka akawa msimamizi wa barabara na taa, mwenye kizibao cha njano na simu isiyonyamaza. Mitaa aliyoiwashia taa ilikuwa mingi. Mtaa aliozaliwa haukuwa mmojawapo. Mwenyewe alikuwa ameolewa upande wa pili wa mji, kwenye lami na mwanga, na kila Jumapili alipokwenda kumwona mama yake majirani walimtania kwamba mwenzao ameolewa na taa, wao wamebaki na mwezi, tena mwezi wenyewe wa msimu. Alicheka nao, lakini njiani kurudi kicheko kilimkauka.

Si kwamba hakuupigania. Kila kikao cha bajeti aliutaja mtaa huo mpaka wenzake wakawa wanaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Tatizo lilikuwa moja na lilijulikana: mtaa ulikuwa umejiziba wenyewe. Zamani magari mawili yalipishana pale bila dereva kukunja kioo. Kisha mmoja akajenga kibaraza mbele ya mlango wake. Jirani akaona uzio wake umebaki nyuma kama mtu aliyesahaulika, akausogeza ulingane na kibaraza. Wa tatu akapanga makopo ya maua, maua yakafa, makopo yakageuka ukuta. Kinyozi akaleta duka lake mbele ili kibao kionekane. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilipojaa, gari la taka likawa linaishia mdomoni mwa mtaa na kupiga honi, watu wabebe wenyewe. Kila mmoja alilalamika kwamba njia ni nyembamba. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri kwa nini ukuta wake yeye hauhusiki. Nyani haoni kundule.

Hatimaye mradi ukapita: mifereji, lami, njia ya waenda kwa miguu na taa mpaka mwisho wa mtaa. Injinia wa manispaa, bosi wake, mtu mwenye haraka lakini asiye na roho mbaya, aliweka sharti. Kila kilichojengwa ndani ya eneo la barabara kiondolewe na wenyewe kabla mwezi haujaisha. Wasipokiondoa, nguzo na kokoto zinahamia mtaa mwingine uliokuwa unasubiri kwa hamu, na wao wangojee tena, pengine mpaka wajukuu wao wawe na wajukuu.

Injinia aliijua nyumba ya mama yake msimamizi. Kibaraza chake ndicho kilichotokeza kuliko vyote. Akamwambia kwa upole kwamba mstari wa mchoro unaweza kupindishwa kidogo pale, hakuna atakayeona. Mama Nguzo alikataa papo hapo.

"Nikiukwepa ukuta wa mama yangu," alisema, "kesho kila mtu atakuwa na mama."

Lilikuwa neno zuri, hata yeye mwenyewe alilipenda. Ila kulisema kulikuwa rahisi kuliko kulitenda. Kazi ya kuweka alama za bomoa ilikuwa yake, na aliifanya alfajiri, watu bado wanakoroma. Alipita na kopo la rangi nyekundu, kuta za kulia na za kushoto, alama ya mkasi, X kubwa, kila palipozidi. Kwa mama yake aliichora haraka kuliko kwingine kote, kisha akaondoka kama mwizi wa kuku. Alijiambia kwamba ameenda alfajiri ili asisumbue watu. Ukweli ni kwamba aliogopa macho ya mama yake, na alijua.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, mjane, mwembamba na mnyoofu kama futi yake ya kupimia, na mtaa ulimwita Bibi Sindano kwa sababu mbili: kazi yake na ulimi wake. Safari hii ulimi hakuutumia. Alitoka, akaitazama alama, akarudi ndani, akatoka na ndoo, sabuni na brashi. Mchana binti yake alipopita kukagua, ukuta ulikuwa safi. Akapaka tena. Kesho yake ulikuwa safi tena. Vita vikaanza hivyo, mmoja anapaka, mmoja anaosha, na kinyozi akawa anaweka dau la kunyoa bure kwa atakayebashiri nani atachoka kwanza. Wengi walimpa ushindi Bibi Sindano.

Wakati huo hakuna aliyegusa hata tofali. Wangegusaje? Manispaa iliitisha mkutano, Mama Nguzo akashika kipaza sauti, akaeleza mifereji, akaeleza lami, akaeleza taa zisizokula umeme mwingi. Watu walikunja mikono. Aliposema kwamba kila nyumba imewekwa alama bila upendeleo, hata ya mama yake mzazi, sauti moja nyuma ilijibu kwamba leo asubuhi ukuta huo ulikuwa mweupe kama jino la mtoto. Kicheko kilivunja mkutano. Yeye alibaki ameshika kipaza sauti, uso umemwaka, akijua kwamba hata yeye angekuwa miongoni mwao, angecheka.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa Jumapili. Chakula alikikuta mezani kimefunikwa. Salamu ziliitikiwa, tena kwa adabu zote. Ila mama alimpa mgongo na kuendelea kukanyaga cherehani, na cherehani ile ilisema maneno yote ambayo mwenyewe hakusema. Binti alikula kama mgeni na kuaga kama mgeni.

Wiki ya mwisho ya mwezi injinia alipiga simu. Kijiko cha kuchimbia, ambacho kilikuwa kimeegeshwa mdomoni mwa mtaa, kingepakiwa kupelekwa kwingine. Alimpa pole, akasema amejitahidi sana na wala asijilaumu. Mama Nguzo alikata simu, akachukua kopo lake la rangi na kwenda tena kwa mama yake, bila hata kujua anakwenda kufanya nini. Alimkuta amesimama kibarazani na ndoo yake. Wakatazamana, mmoja na brashi ya kuchorea, mwingine na brashi ya kuoshea.

"Wewe fundi wa manispaa," mama yake alisema, "hiyo nyumba unayoipaka ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Nilipokuwa nakutuma chumvi kwa jirani, nilikufundisha nini ukifika mlangoni?"

Mama Nguzo aliliangalia kopo la rangi mkononi mwake.

"Nilikufundisha ubishe hodi, ungoje ukaribishwe. Kwa jirani, kwa chumvi tu. Kwangu mimi umekuja na rangi kabla ya salamu."

Maneno yalimwingia mpaka mfupani. Aliona kwa mara moja mlolongo mzima wa kuta za mtaa ule, nyumba za watu waliomfuta kamasi akiwa mdogo, waliomchangia kitabu cha shule, waliolala kwenye msiba wa baba yake, na yeye amezipita zote alfajiri kama anatia chapa ng'ombe. Aliweka kopo chini. Akavua kizibao cha njano, akakikunja, akakiweka juu ya kopo. Akarudi mpaka barabarani, akasimama pale anaposimama mtu yeyote.

"Hodi," alisema.

Bibi Sindano hakuwa na haraka. Alimwaga maji ya ndoo, akajifuta mikono, akaketi.

"Hodi ya manispaa, au hodi ya mwanangu?"

"Ya mwanao, mama."

"Karibu, mwanangu."

Wakakaa pamoja kibarazani. Mama akapitisha kiganja juu ya saruji, mahali ilipokuwa imelainika kwa miaka ya kukaliwa.

"Hiki alikijenga baba yako," alisema. "Ndicho cha kwanza. Kabla yake hapakuwa na aliyetokeza mbele, wote waliobaki walimfuata yeye. Na siku alipoanguka, gari la wagonjwa lilifika mtaani, mlangoni halikufika. Tulimbeba kwenye blanketi gizani, wanaume wanajikwaa, mimi nimeshika simu ya mtu niwamulikie. Hospitali walisema tungewahi kidogo tu, angepona."

Binti alikumbuka jioni ile. Alikuwa juu ya nguzo, upande wa pili wa mji, anawawashia watu taa.

"Unafikiri naosha ile alama ili nibaki na kibaraza?" mama aliendelea. "Nimekichukia tangu siku hiyo, hata kukifagia nafagia kwa hasira. Naosha kwa sababu ilikuwa inamwambia kila mpita njia kwamba mume wangu ndiye aliyeziba mtaa, na mwanawe ndiye aliyemtangaza. Kosa lake nitaliondoa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Ungekuja ukabisha hodi, ningekwambia siku ile ile."

Mama Nguzo alilia. Alilia bila kujificha, kichwa begani kwa mama yake kama mtoto, na kinyozi ng'ambo, ambaye kwa kawaida hakupitwa na jambo, aliona haya akageuza kiti cha mteja wake upande wa pili. Alipomaliza, mama alimwagiza amtafutie nyundo, ila isiwe zile kubwa za wanaume.

Jioni hiyo hiyo walizunguka mtaa wote, mama mbele, binti nyuma, kizibao kimeachwa nyumbani. Mlango kwa mlango walibisha hodi, wakangoja, wakaketi walipokaribishwa. Binti aliomba radhi kwa rangi ya alfajiri. Mama alisema maneno machache tu, na kila nyumba alisema yale yale: mume wangu ndiye aliyeanza kujenga, na mimi kesho naanza kubomoa. Ukishaambiwa hivyo na mjane aliyekaa kwenye kochi lako, utajibu nini? Mmoja alisema hata hivyo uzio wake ulikuwa umeoza. Mwingine alidai alikuwa anasubiri tu nyundo. Aliyebisha mpaka mwisho ni kinyozi, kwa hofu kwamba akirudi nyuma wateja hawatamwona.

"Mwanangu," Bibi Sindano alimwambia, "nywele zikiota zitakutafuta zenyewe, hata ukihamia uvunguni."

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje. Bibi Sindano alijifunga khanga kiunoni, akainua nyundo yake ndogo na kupiga kona ya kibaraza. Haikutoka hata punje. Akapiga tena, na tena, na hakuna aliyethubutu kucheka wala kumpokea. Kipande cha kwanza kilipodondoka, alikiokota, akakitazama, akakitupa kwenye toroli. Basi hapo ndipo vumbi lilipotimka. Nyundo zililia kulia na kushoto, makopo ya maua yakavingirishwa, nyaya za uzio zikakunjwa, na kinyozi, akiwa mweupe kwa vumbi kuliko mtu aliyepakwa unga, alilivuta duka lake nyuma akitukana taratibu. Kufikia jua la alasiri watu walisimama wakashangaa. Walikuwa wamesahau kwamba mtaa wao ulikuwa mpana kiasi kile.

Injinia alikuja na lori la kubebea kijiko. Alishuka, akaangalia mwisho wa mtaa, akaangalia mchoro, akaangalia tena mwisho wa mtaa. Kisha akamwambia dereva wa lori arudi alikotoka, na dereva wa kijiko awashe.

Kazi ilikwenda mbio. Mifereji ilichimbwa na kufunikwa, kifusi kikashindiliwa, lami ikamwagwa ikinuka kwa namna ambayo watu waliifurahia kama marashi. Gari la kwanza kuingia mpaka mwisho wa mtaa lilikuwa gari la taka. Dereva wake, ambaye miaka yote hakuwahi kuvuka mdomo wa mtaa, aliingia akipiga honi kama anamleta bibi harusi, na watu walisimama milangoni wakapigia makofi takataka zao wenyewe zikiondoka.

Siku ya taa, wakubwa walitaka hotuba. Mama Nguzo aliwaacha na hotuba zao, akaenda kwenye sanduku la swichi kabla kiza hakijashika. Taa alizowahi kuwasha katika maisha yake hazihesabiki, na bado alilikagua sanduku mara mbili kama mwanagenzi. Akasukuma swichi. Ya kwanza ilipepesa, ikakubali. Ya pili ikafuata, ya tatu, zikaenda zikifuatana mpaka kona ya mwisho, na mtaa ukapiga vigelegele mpaka mheshimiwa aliyekuwa anazungumza akaacha sentensi yake katikati. Mama Nguzo alisimama pale akicheka kwa furaha, na kwa mara ya kwanza alilisikia jina lake la utani likiitwa na sauti nyingi pamoja, bila kejeli hata chembe.

Watu walipotawanyika alitembea taratibu mpaka kwa mama yake. Alimkuta nje, chini ya nguzo, ameweka kigoda katikati kabisa ya njia mpya ya waenda kwa miguu, nguo ya mteja mapajani, uzi na sindano mkononi. Mwanamume mmoja alipita kwa kuzunguka, akaamkia na kuomba radhi yeye.

Msimamizi ndani ya Mama Nguzo aliamka.

"Mama," alisema, "hapa hapakaliwi. Hii ni njia ya watu."

"Na mimi ni nani?" mama yake alijibu bila kuinua uso, akilenga tundu la sindano. "Hebu sogea, unanikingia mwanga."

Msimamizi mzima wa manispaa akasogea.